Fataki ya Bunduki: Kitu Kidogo Chenye Gharama Kubwa

Mkulima wa mtama na uwele katika Wilaya ya Chemba, Mkoa wa Dodoma, ana maadui wengi. Mvua ikichelewa, mbegu huungua ardhini. Mvua ikiwahi, magugu huwahi nayo. Mazao yanapokaribia kukomaa huja kweleakwelea makundi kwa makundi mchana, nyani na ngedere asubuhi na alasiri, na nguruwe mwitu usiku. Katika vijiji vilivyo jirani na Pori la Akiba la Swagaswaga, hata tembo huweza kuingia mashambani. Wenyeji wa sehemu hizo, Wasandawe, Waburunge, Warangi na Wagogo, wamelinda mazao yao kwa njia nyingi: kwa kombeo, kwa madebe, kwa moto, kwa upinde na mshale, na kwa wengine, kwa gobore.

Gobore ni bunduki ya kushindilia kwa mdomoni. Mtutu wake, ukitunzwa, hudumu vizazi viwili au vitatu. Kitako kikivunjika, seremala wa kijijini huchonga kingine. Marisau yakikosekana, madini ya risasi huyeyuka juu ya moto wa kawaida. Lakini kuna kitu kimoja ambacho mhunzi hawezi kukifua wala seremala kukichonga, nacho hutumika mara moja tu kisha hutupwa: ni fataki. Bila ya fataki gobore si silaha. Ni bomba lenye mpini. Kwa sababu hiyo mtu mwenye bunduki halali hujikuta akiuliza swali ambalo wenye bunduki duniani kote huuliza: nitapata wapi fataki nzuri kwa bei ninayoiweza?

Madhumuni ya makala haya ni kulijibu swali hilo kwa njia ya sayansi. Hatutaeleza jinsi ya kutengeneza fataki, kwa sababu zitakazoonekana wazi hapo mbele. Tutaeleza fataki ni nini, inafanyaje kazi, zipi ni aina zake, na kwa nini ile inayoonekana kuwa rahisi mara nyingi humgharimu mnunuzi zaidi kuliko ile ya bei kubwa.

FATAKI NI NINI?

Baruti, pamoja na sifa yake ya ukali, ni kitu kigumu kuwasha kwa pigo. Ukiigonga baruti nyeusi kwa nyundo ndogo, kwa kawaida haitawaka. Inahitaji cheche au mwali wa moto. Kazi ya fataki ni kugeuza pigo kuwa mwali. Ndani ya kikombe kidogo cha shaba hutiwa dawa kidogo sana, ambayo katika fataki za bastola na bunduki za siku hizi ni kiasi cha miligramu 20 hadi 40 tu. Dawa hiyo ikibanwa ghafula kati ya vyuma viwili, chembechembe zake husuguana na kuzaa vijisehemu vya joto kali. Kutoka hapo moto huenea katika dawa yote kwa muda mfupi kuliko kope inavyopepesa.

Katika gobore, fataki huvikwa juu ya kichuchu cha chuma kiitwacho kifa, chenye tundu jembamba linaloshuka hadi ndani ya mtutu. Nyundo ya bunduki ikiangukia fataki, mwali hupita katika tundu la kifa na kuifikia baruti. Katika bunduki za viasi, yaani zile zinazopokea risasi kamili kwa nyuma, fataki imepachikwa katika kitako cha ganda lenyewe. Kwa hiyo kiasi kimoja kina sehemu nne: ganda, fataki, baruti, na risasi inayoruka.

Msomaji aliyesoma kemia ataelewa hapa tatizo kubwa la wahandisi wa fataki. Wanatafuta kitu chepesi kuwaka kiasi cha kutii pigo la nyundo ndogo, lakini kizito kuwaka kiasi cha kuvumilia kusafirishwa kwa lori katika barabara mbaya, kuanguka sakafuni, na kukaa ghalani katika joto la Oktoba. Vitu vinavyotimiza masharti yote mawili ni vichache mno. Hata viwandani mchanganyiko huo hushughulikiwa ukiwa umeloweshwa maji, na huachwa ukauke baada tu ya kuingizwa ndani ya vikombe.

KUTOKA GUMEGUME HADI FATAKI

Kabla ya karne ya kumi na tisa bunduki zilipigwa kwa utambi wenye moto, kisha kwa jiwe la gumegume. Bunduki ya gumegume hugonga jiwe juu ya chuma, na cheche huangukia baruti kidogo iliyowekwa nje ya mtutu. Udhaifu wake ulikuwa mkubwa. Mvua iliinyima moto, upepo uliipeperusha baruti, na kati ya mwako wa nje na mlio wa bunduki palikuwa na kitambo kidogo ambacho kilimtosha mnyama kushtuka.

Mwaka 1800 mkemia Mwingereza Edward Howard alitangaza mbele ya wanasayansi wenzake sifa za kampaundi iitwayo fulminati ya zebaki, ambayo hulipuka kwa kugongwa. Baada yake mchungaji wa kanisa huko Scotland, Alexander Forsyth, aliyekuwa akipenda kuwinda ndege wa majini, alichoshwa na ndege walioruka au kuzama kila walipouona mwako wa gumegume. Alibuni mtambo uliowashwa kwa dawa ya kugongwa, na mwaka 1807 akapata hataza yake. Katika miaka iliyofuata wabunifu mbalimbali waliitia dawa hiyo ndani ya kikombe kidogo cha shaba, na kufikia katikati ya karne hiyo majeshi ya Ulaya yalikuwa yameacha gumegume.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuiingiza fataki ndani ya kiasi. Mwaka 1866 watu wawili, kila mmoja kwa upande wake, walipata hataza ya fataki za namna hiyo: Hiram Berdan wa Marekani na Edward Boxer wa Uingereza. Tofauti kati yao ni ndogo kwa macho, lakini ina maana kubwa kwa mnunuzi. Fataki ya Boxer hubeba fuawe yake yenyewe, yaani kipande cha chuma ambacho dawa hugongwa juu yake, na ganda lake lina tundu moja katikati. Fataki ya Berdan haina fuawe. Fuawe yake ni sehemu ya ganda, na pembeni mwake kuna matundu mawili madogo. Jambo la ajabu ni kwamba Wamarekani waliikubali fataki ya Mwingereza, na nchi nyingi za Ulaya zikaichukua ile ya Mmarekani.

FATAKI KATIKA HISTORIA YETU

Wananchi wa Tanzania waliijua siasa ya fataki kabla ya kuijua kemia yake. Katika karne ya kumi na tisa bunduki nyingi ziliingia bara kupitia Unguja na bandari za pwani, zikifuata njia ya misafara iliyopita Mpwapwa na Ugogo kwenda Tabora na Ujiji. Wingi wa bunduki hizo uliyatia mashaka mataifa yaliyokuwa yakigawana Afrika. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao kwa tamko lake ulikuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, uliweka pia vizuizi juu ya silaha katika eneo lote la Afrika lililo kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini mwa Ikweta. Bunduki za kisasa na viasi vyake zilizuiwa. Kilichoweza kuruhusiwa kuuzwa kwa wenyeji ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara.

Tuyatazame masharti hayo kwa jicho la mhandisi. Ulaya ilikuwa imeliacha jiwe la gumegume zaidi ya miaka arobaini nyuma, na jiwe hilo ndilo lililoachiwa Mwafrika. Mwenye kumiliki njia ya fataki na viasi ndiye aliyemiliki nguvu ya bunduki.

Tofauti ya zana ilijitokeza tena katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1914 askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki walikuwa bado na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zilizotumia baruti nyeusi yenye moshi mwingi uliomwonyesha adui mahali askari alipojificha. Baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba mwaka huo, jemadari wao Paul von Lettow-Vorbeck aliandika kwamba waliteka bunduki mpya za kutosha makampuni matatu, na viasi vipatavyo 600,000. Mwezi Mei 1916 vita vilifika Kondoa-Irangi, wilaya ambayo Chemba ilikuwa sehemu yake hadi ilipofanywa wilaya kamili mwaka 2012. Majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer yalikuwa yameutwaa mji huo mwezi Aprili, na usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Mei Wajerumani waliwashambulia bila ya kufanikiwa. Viasi vya vita ile kwa kawaida vilikuwa na fataki zenye fulminati ya zebaki au klorati ya potasi, au vyote viwili. Mtu anayeokota kiasi cha zamani ardhini asikiguse wala kukigonga, bali atoe taarifa polisi. Miaka mia moja haitoshi kukifanya kiwe salama.

ZEBAKI, CHUMVI NA RISASI

Historia ya fataki ni historia ya kuondoa dosari moja na kuingiza nyingine. Fulminati ya zebaki ilipowaka iliacha zebaki ndani ya ganda. Zebaki hupenya katika shaba na kuifanya iwe kama udongo mkavu, kiasi kwamba ganda lililotumika haliwezi tena kujazwa kwa usalama. Isitoshe, fulminati yenyewe huoza polepole ikikaa mahali pa joto, na fataki za zamani hugoma.

Klorati ya potasi nayo ina dosari yake. Ikitoa oksijeni yake katika moto, hubaki kloridi ya potasi, chumvi iliyo ndugu wa chumvi tunayotia katika mboga. Chumvi hii hukaa ndani ya mtutu na kuvuta unyevu wa hewa, na chuma huanza kupata kutu baada ya saa chache. Hapa watu wengi hukosea. Humaliza kazi, wakapaka mafuta, wakaamini kuwa bunduki imetunzwa. Mafuta hayayeyushi chumvi. Huifunika tu, na kutu huendelea kula chuma chini ya mafuta. Dawa ya chumvi ni maji, na yakiwa ya moto ni bora zaidi, kwa kuwa mtutu uliopashwa joto hukauka upesi. Kwanza osha kwa maji, kisha kausha kabisa, ndipo upake mafuta. Kanuni hii inafaa vilevile kwa masizi ya baruti nyeusi, na mtu wa Chemba asidanganywe na ukavu wa nchi yake: miezi ya Desemba hadi Aprili, ambayo ndiyo miezi ya kulinda shamba, ndiyo miezi ya unyevu.

Katika miaka ya 1920 wakemia wa Ujerumani walipata njia ya kuziepuka zebaki na klorati kwa pamoja. Walitumia kampaundi ya madini ya risasi iitwayo stifnati ya risasi, wakaichanganya na vitu vingine vya kuisaidia. Fataki zenye asili hiyo haziozeshi mtutu, hukaa ghalani miaka mingi, na ndizo zinazotumika zaidi duniani hadi leo. Pamoja na risasi, kwa kawaida huwa na bariamu na antimoni. Ndiyo maana maabara za uchunguzi wa jinai, zikitaka kujua kama mkono fulani umepiga bunduki, hutafuta chembe zenye elementi hizo tatu.

Lakini hapa pia dosari imebaki. Lugha yetu yenyewe inatukumbusha: Kiswahili huita madini na kile kinachotoka katika bunduki kwa jina moja, risasi. Fataki ikilipuka, sehemu ya risasi yake huwa mvuke na vumbi laini sana ambalo mpigaji hulivuta puani, na ambalo huanguka juu ya mikono na nguo zake. Mwili wa binadamu huipokea risasi kana kwamba ni kalsi, na kuiweka akiba katika mifupa, ambamo hukaa kwa miongo ya miaka. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara. Anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, kwa maana risasi hudhuru ubongo unaokua. Baba anayerudi kutoka shambani na kumega ugali pamoja na watoto kabla ya kunawa kwa sabuni, au anayeyeyusha risasi katika sufuria ya jikoni, huipeleka sumu hiyo ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nchi nyingine zimeanza kuchukua hatua. Zimekuwapo fataki zisizo na risasi, hasa kwa ajili ya vyumba vya mafunzo ya shabaha. Jimbo la California limepiga marufuku viasi vya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, na Umoja wa Ulaya umezuia marisau ya risasi katika ardhi oevu tangu mwaka 2023.

WENZETU WANACHAGUAJE?

Huko Marekani wako raia wengi ambao hujaza upya viasi vya bastola na bunduki zao nyumbani. Sababu yao ni ya kiuchumi. Ganda la shaba huweza kutumika mara nyingi, kwa hiyo mtu hununua fataki, baruti na risasi peke yake. Kati ya vitu hivyo, fataki ni yenye bei ndogo lakini inaweza kusimamisha kazi nzima. Kati ya mwaka 2020 na 2022, mahitaji yalipopita uwezo wa viwanda, fataki 1,000 zilizokuwa zikiuzwa kwa kiasi cha dola 30 ziliweza kuuzwa kwa zaidi ya dola 100. Nchi yenye viwanda vikubwa ilipata shida ile ile aijuayo mwenye gobore wa kijijini.

Wajuzi wa kazi hiyo huchagua kwa vigezo vinavyofaa kufahamika. Kwanza ni kipimo. Fataki za Boxer za bastola zipo za aina mbili, ndogo yenye upana wa milimita 4.45 na kubwa ya milimita 5.33. Pili ni ugumu wa kikombe. Fataki ndogo ya bastola na fataki ndogo ya bunduki zina upana sawa, lakini kikombe cha ile ya bastola ni laini zaidi. Ikitiwa katika bunduki yenye kanieneo kubwa, huweza kutoboka na gesi ya moto ikarudi kwa mpigaji. Tatu ni kina. Fataki kubwa ya bunduki ni ndefu kidogo kuliko ile kubwa ya bastola. Ikipachikwa mahali pa ile ya bastola huchomoza nje, na silaha inaweza kulia kabla mtu hajakusudia. Nne ni usawa. Fataki za viwanda mbalimbali hazina nguvu moja, na mtu anayebadilisha fataki hana budi kupunguza kipimo cha baruti na kuanza majaribio upya. Tano, hununua fataki zilizo katika paketi ya kiwandani, yenye alama na namba ya toleo, wala hawazimimini katika chupa au kopo. Fataki moja moja katika vijisanduku vyake ni kitu kidogo. Fataki mia tano zilizorundikana ni bomu, kwa sababu moja ikilipuka huwasha zote.

Vigezo hivi, isipokuwa vile vya kiasi, vinamhusu pia mwenye gobore. Fataki iliyo kubwa kuliko kifa hudondoka au hupasuka vipande na kuruka usoni. Iliyo ndogo haikai, na mtu huishindilia kwa nguvu, jambo ambalo ni kuialika ilipuke mkononi. Fataki sahihi huingia kwa msukumo mwepesi na kukaa. Nayo huvikwa mwisho kabisa, baada ya baruti, zibo na marisau, mtutu ukiwa umeelekezwa mahali pasipo na mtu.

KIBERITI SI FATAKI

Mtu aliyekosa fataki hushawishika kutumia vichwa vya njiti za kiberiti. Mawazo yake si ya kijinga: kiberiti huwaka kwa msuguano, na hupatikana kila duka. Lakini kiberiti cha siku hizi kilibuniwa kwa nia tofauti kabisa. Katika karne ya kumi na tisa Waswidi walitenganisha dawa zake mbili kwa makusudi, moja wakaiweka katika kichwa cha njiti na nyingine ubavuni mwa kasha, ili zisikutane ila kwa kiasi kidogo sana wakati wa kuwasha. Usalama wote wa kiberiti umo katika utengano huo. Anayezikusanya na kuzikutanisha anauondoa usalama huo kwa mikono yake mwenyewe, na mchanganyiko anaoupata hausubiri nyundo. Huweza kulipuka kwa kukorogwa, kwa kusuguliwa, hata kwa kufunikwa kifuniko.

Hata kichwa cha njiti peke yake ni fataki mbaya. Huwaka polepole, na mara nyingine moto hukawia katika tundu la kifa. Mpigaji husikia nyundo imegonga kimya, akaishusha bunduki kuitazama, na hapo ndipo inapolia. Aidha dawa ya kichwa ina klorati, na hivyo huacha ile chumvi tuliyoieleza. Kifa hutanuka kwa kutu, gesi hupita kando yake, na siku moja hung'oka na kumrukia mpigaji jichoni. Hatari hiyo huongezeka katika bunduki zilizotengenezwa kwa mabomba ya maji. Bomba la maji limeundwa kustahimili kanieneo iliyo kadiri ya mara chache ya ile ya hewa. Ndani ya mtutu kanieneo hupanda hadi mamia ya mara.

Kwa bunduki yoyote iliyogoma, kanuni ni moja: usiishushe wala usiitazame mdomoni. Iache imeelekea mahali salama, uhesabu dakika moja kamili au zaidi, ndipo uondoe fataki.

HESABU YA BEI

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba fataki halisi inauzwa shilingi 1,000, na ile ya uchochoroni, isiyojulikana ilikotoka, shilingi 600. Mnunuzi wa fataki kumi za uchochoroni hulipa shilingi 6,000 na kuona ameokoa shilingi 4,000. Nne kati yake zikigoma, amebaki na milio sita kwa shilingi 6,000, yaani shilingi 1,000 kwa kila mlio. Hajaokoa hata senti. Hapo hatujahesabu baruti iliyolowana wakati wa kuzibua, nguruwe waliomaliza kazi yao bunduki ikiwa kimya, wala mtutu ulioanza kuoza. Jicho na kidole havina bei ya kuandikwa katika hesabu hii.

Iko pia gharama ya sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inamtaka kila mwenye silaha awe na leseni, na haimruhusu mtu kutengeneza silaha au viasi bila ya kibali. Kumpiga mnyamapori nako kunasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda. Masharti haya hayakutungwa kumwonea mkulima. Nchi za ukanda wetu, zilipotia sahihi Itifaki ya Nairobi mwaka 2004, zilikubaliana kudhibiti silaha ndogo ndogo kwa sababu fataki inayomlinda mkulima dhidi ya ngedere ndiyo hiyo hiyo inayomtumikia jangili na mnyang'anyi. Mwenye leseni atafute fataki kwa muuzaji aliyeidhinishwa, na akiwa na mashaka amwulize Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Asiye na leseni, njia yake iliyo rahisi kuliko zote ni kuisalimisha silaha hiyo. Mara kwa mara Serikali imetoa muda wa kufanya hivyo kwa hiari bila ya kushtakiwa.

TUFANYE NINI?

Wataalamu wetu wana wajibu katika jambo hili. Nchi inao ujuzi wa baruti: Shirika la Mzinga la Morogoro lilianzishwa mwaka 1974. Inazo pia maabara za kemia katika vyuo vikuu. Yafaa tujiulize kama mkulima mwenye silaha halali anaweza kupatiwa fataki chache, zenye alama, zisizo na risasi, kwa njia inayohesabika. Swali kubwa zaidi ni kama anaihitaji bunduki hata kidogo. Kwa tembo, gobore ni hatari kwa mpigaji kuliko kwa mnyama, maana tembo aliyejeruhiwa hakimbii sikuzote. Uzio wa mizinga ya nyuki, uliojaribiwa kwanza nchini Kenya, na uzio wa kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, umewapunguza tembo mashambani katika sehemu kadhaa za Afrika ya Mashariki. Chemba ni nchi ya asali. Mizinga ipo, na warina asali wapo. Kinachobaki ni kuijaribu njia hiyo kwa vipimo, shamba kwa shamba, na kuandika matokeo.

Kwa wakati huu, mwenye bunduki halali azingatie mambo haya machache. Anunue fataki katika paketi yake, inayolingana na kifa au ganda lake. Aitunze mahali pakavu, mbali na jiko, mbali na baruti, na mahali ambapo mtoto hafiki. Asiitie mafuta wala kuishika kwa mikono yenye mafuta. Akimaliza kazi aoshe mtutu kwa maji ya moto, aukaushe, ndipo aupake mafuta. Halafu anawe mikono na uso kwa sabuni, abadili nguo, na ndipo aketi kula na wanawe.